Pale Lynnet Alipopaita Pori

Lynnet Maranga alikuwa ametengeneza filamu nne, na katika zote nne hapakuwa na ukuta hata mmoja. Watu wa Homa Bay waliomfahamu walipenda kumtania. "Lynnet, ya mwaka huu utatujengea hata choo?" Yeye alicheka na kwenda zake. Hakujali. Alichopenda ni bonde la Lambwe: nyasi ndefu zilizokauka zikawa na rangi ya mkate, migunga imesimama mmoja mmoja, miteremko mikali ya Kanyamwa upande mmoja na vilima vya Gwasi upande wa pili, na katikati mtu mmoja akitembea, mdogo kama sisimizi.

Alianzia Oyugis, akipiga video za harusi na mazishi kwa kamera ya kanisa. Kazi hiyo ilimletea lawama nyingi. Familia zililipa zipate kuona mheshimiwa akihutubia na mashemeji wakilia. Badala yake zilipelekewa dakika nne za kilima na wingu linalopita. Ni mama yake tu, Pamela, aliyekuwa akimtetea. "Hata hicho kilima kilikuja mazishini," aliwaambia watu.

Ni katika mazishi mojawapo alikokutana na Suhail. Kijana huyo alikuwa amezaliwa mjini Homa Bay, ambako baba yake, Abdullah, aliuza misumari na mabati, na wakati huo Suhail alikuwa akikodisha spika za shughuli. Alimsogelea Lynnet katikati ya mahubiri akamnong'oneza, "Dada, maikrofoni yako inarekodi mbuzi kuliko pasta." Lynnet alimkabidhi maikrofoni palepale. Miaka kumi na mmoja ilipita, na Suhail hakuirudisha. Nywele zake zilianza kuwa na mvi akiwa ameinamia mashine ya sauti, amevaa vile visikizio vyake vikubwa, anasikiliza upepo.

Filamu yao ya kwanza, ya mwanamke anayemtafuta ng'ombe aliyepotea, waliipiga kwa siku kumi na mbili. Ilionyeshwa ng'ambo ikapata tuzo ndogo. Mwandishi mmoja wa huko aliandika kwamba Lynnet anaipiga ardhi picha kana kwamba binadamu hajaikanyaga bado. Lynnet aliikata ile habari akaibandika juu ya meza yake ya kazi. Tangu hapo kila alipochagua mahali pa kupigia picha, alitafuta pasipo na dalili ya mtu. Nguzo ya umeme ikionekana, walihama. Katika filamu ya tatu walikaa siku tisa wakimsubiri yule swala mkubwa aitwaye korongo atoke vichakani. Hakutoka. Suhail alirudi nyumbani na siku tisa za upepo.

Maisha hayakuwa ya raha sana. Kila Jumanne Lynnet alikwenda Migori kufundisha upigaji picha katika chuo kimoja, na kwa kazi hiyo alipata kodi na mafuta ya gari. Lakini alikuwa mtu wa furaha, na furaha hiyo iliongezeka alipoanza kwenda kazini na baba yake.

Mzee Levi Maranga aliwahi kuajiriwa kupambana na mbung'o, wale nzi wa malale. Kwa miaka ishirini na minane alitembea bonde lote la Lambwe akitundika mitego ya vitambaa vya buluu na vyeusi, akihesabu nzi walionaswa, akihamisha, akitundika tena. Pamela alipofariki, mzee alianza kukaa kwenye kiti kimoja kule Oyugis kuanzia asubuhi hadi jioni, bila redio, bila gazeti. Lynnet aliona hali hiyo kwa wiki mbili. Ya tatu alimwambia, "Baba, nahitaji mtu wa kunishikia mwavuli."

"Mwavuli wa mvua?"

"Wa kamera."

Basi akaja. Mwavuli ulimchosha haraka, lakini ilionekana kwamba anajua mambo ambayo hakuna ramani inayoyajua. Alijua maji ya mvua hutuama wapi. Alijua mahali nyati hupenda kupita. Alisema, "Kesho jua litatokea kwenye lile pengo," na likatokea. Alikuja na uji wake mwenyewe kwenye thamosi, alidharau viti vya kukunja, na filamu ikikamilika aliitazama yote bila kusinzia kisha akatoa hukumu. "Nzuri," alisema baada ya ile ya nne. "Lakini yule ng'ombe ni mgonjwa. Mngempa dawa."

Filamu ya tano ilikuwa ya mwanamke anayerudi kwao kwa miguu kutoka machimbo ya dhahabu ya Migori. Anavuka bonde zima bila kukutana na mtu, na mwishowe anafika mahali ambapo, kwa maneno ya Lynnet mwenyewe kwenye karatasi, "hajawahi kuishi mtu yeyote", akalala kwenye nyasi. Mwigizaji alikuwa Nyanchoka, mwalimu wa Kiswahili wa sekondari huko Migori, mwanamke mrefu, mtulivu, ambaye aliigiza wakati wa likizo tu. Lynnet alipata kibali cha siku nne cha kupigia ndani ya hifadhi, na akapewa askari wa wanyamapori, Willis, awalinde kwa bunduki yake na kuwakumbusha kila baada ya nusu saa kwamba hakuna kung'oa kitu.

Mahali pa kupigia ile picha ya mwisho, shoti ya kulala nyasini, Lynnet alikuwa amepapenda kwa miaka. Palikuwa sehemu tambarare chini ya Kanyamwa, yenye nyasi laini kuliko kwingine, na kando yake minyaa mirefu, ile miti ya utomvu ambayo Wajaluo huiita ojuok, imejipanga kama nusu duara. Ilimpendeza jinsi miti hiyo ilivyojiotea kwa mpangilio katikati ya nyika. Aliichukulia kuwa bahati.

Siku ya tatu saa kumi na moja jioni kila kitu kilikuwa tayari. Nyanchoka amelala nyasini. Jua lilikuwa limebakiza upana wa mkono kufika Gwasi, na mwanga ulikuwa ule wa asali ambao Lynnet aliusubiri mwaka mzima. Lakini uso wa Nyanchoka ulikuwa kivulini. Ulihitajika ule ubao mweupe wa kurudishia mwanga, na aliyekuwa nao alikuwa mzee Levi, upande wa pili.

"Baba, lete hapa. Simama nyuma kidogo ya kichwa chake."

Mzee aliinua ubao akaanza kuja. Hakuja moja kwa moja. Alizunguka. Alifuata minyaa kutoka mwanzo hadi mwisho, polepole, akikwepa ile sehemu ya nyasi laini kama anayekwepa dimbwi. Alipofika karibu na Nyanchoka alisimama hatua sita mbali.

"Sogea, Baba."

"Nitashikia hapa."

"Hapo mwanga haufiki. Sogea mbele, hatua tano."

"Hapa panatosha."

Lynnet alitazama jua. Alishaona baba yake akizunguka namna ile siku mbili zilizopita walipokuja kupima mahali, akadhani mzee anaogopa nyoka. "Hakuna nyoka!" alipaza sauti. "Nyanchoka amelala hapo tangu saa kumi! Baba, tafadhali, pita katikati usimame nilipokwambia, jua linaniacha!"

Mzee hakusogea. Lynnet aliacha kamera akaenda hadi alipo, na kwa mara ya kwanza tangu waanze kufanya kazi pamoja alimkaripia mbele ya watu. Alisema kwamba kama hawezi kusikia maelekezo basi angebaki Oyugis. Alisema wanapoteza mwaka mzima kwa ajili ya ukaidi wa mtu mmoja. Maneno yalikuwa yameshatoka baba yake alipouweka ubao chini.

"Siwezi kusimama hapo, nyathina, mwanangu," mzee alisema taratibu. "Hapo ni kitandani kwa mama mkwe wangu."

Suhail alicheka. Kisha alimtazama mzee usoni, akavua visikizio.

Kila mtu wa sehemu zile anajua kwamba mwanamume haingii chumba cha kulala cha mama wa mke wake, sembuse kusimama juu ya kitanda chake. Lakini pale hapakuwa na chumba. Palikuwa na nyasi, Nyanchoka amelala chali, na Willis na bunduki yake. Nyanchoka, aliyetoka Kisii ambako jambo hilo linajulikana vilevile, aliinuka haraka akajipangusa nguo kama aliyekutwa kwenye godoro la mtu.

"Kitanda gani, Baba?" Lynnet aliuliza. "Hapa ni pori."

"Ni pori sasa."

Walikaa chini, nje ya minyaa, na mzee akaeleza huku jua likizama bila mtu kulijali. Mwaka mmoja kabla Lynnet hajazaliwa, Levi alikuwa amepiga kambi karibu na pale kwa kazi ya mitego. Pamela, ambaye alikuwa amemwoa miaka miwili kabla, alimletea chakula kwa baiskeli. Walipokuwa wakitafuta kivuli walipita kwenye ile minyaa, na Pamela akasimama ghafla. Aliingia nyasini, akapiga magoti, akaanza kupapasa chini kama mtu aliyedondosha sindano, hadi mikono yake ilipogusa jiwe la kusagia. Minyaa ile ilikuwa ua wa boma lao. Alitoka pale akiwa na miaka tisa, mwaka ambao malale yalimchukua mdogo wake na watu wa upande ule walianza kuhama mmoja baada ya mwingine, wakiwaachia nzi nyumba zao. Wazazi wake walikwenda kuanza upya Oyugis. Hawakurudi hata kutazama.

"Alinichorea nyumba yote kwa mguu wake," mzee alisema. "Mlango huu. Jiko hili. Halafu akaniambia, na wewe, Levi, usikanyage huku, mama hangependa. Bibi yako alikuwa hai wakati huo. Basi nikazunguka. Miaka yote ile ya mitego nilizunguka."

"Na hukuniambia."

"Mama yako alikataa. Alisema watoto wakijua wataanza kudai ardhi na kupelekana mahakamani."

"Mama alishakufa, Baba. Miaka sita sasa. Nimekuja hapa mara ngapi na wewe?"

Mzee alikoroga vumbi kwa kidole. "Ulikuwa unapaita pori kwa furaha kubwa," alisema. "Ningekuharibia."

Lynnet alikwenda kufunga boksi la kamera. Alikuwa na hasira, na hakujua amkasirikie nani. Aliikumbuka ile karatasi iliyobandikwa juu ya meza yake, akaona aibu, aibu ya mtu aliyesifiwa kwa jambo ambalo hakulifanya. Mara ngapi alikuwa amehamisha kamera ili bonde lionekane tupu? Ilikuwa kana kwamba amekuwa akimfagia mama yake nje ya picha kwa mikono yake mwenyewe.

Kesho yake, siku ya mwisho ya kibali, walifika jua likichomoza Kanyamwa. Lynnet hakuwa amelala vizuri. Alimwomba baba yake msamaha kabla hajafungua boksi la kamera, mbele ya walewale waliomsikia jana akimkaripia. Mzee alisema, "Yameisha," akammiminia uji kwenye kifuniko cha thamosi. Kwa mzee Levi, kugawa uji ule halikuwa jambo dogo.

Suhail alikuwa akichomeka fimbo ya maikrofoni ardhini ilipogonga kitu kigumu. Alichomoa akagonga tena, akasikiliza. "Lynnet," aliita, "hili silo jiwe la kawaida. Liko bapa." Walifunua nyasi kwa mikono. Lilikuwa jiwe la kusagia, limevunjika upande mmoja, katikati limelika kwa kusagiwa hadi likawa kama kiganja kilichokunjwa. Lynnet aliweka mkono wake ndani ya lile bonde dogo, na mkono ukaenea.

"Hakuna kung'oa," alisema Willis, lakini kwa sauti ya chini, na alikuwa amevua kofia.

Siku ile hawakupiga ile shoti ya mwanamke kulala nyasini. Lynnet alimwambia Nyanchoka, "Ingia nyumbani," na akamwambia baba yake, "Mwelekeze." Mzee alisimama nje ya mahali ukuta ulipokuwa, mikono nyuma, akapaza sauti kama aliyekuwa akielekeza vijana wa mitego zamani.

"Inama, mwalimu, mlango wenyewe mfupi. Hivyo. Ukiingia, mkono wako wa kushoto ni jiko. Usikanyage, kuna moto! Mtungi wa maji uko pembeni. Mbele yako ni kitanda, huko mimi sitazami."

Nyanchoka aliinama pasipo na mlango. Alipita kandokando ya moto ambao haukuwepo, akainua pindo la nguo yake lisiungue. Aligusa ukuta. Lynnet alijikuta anachukua kamera begani, yeye ambaye kwa filamu nne hakuwahi kumsogelea mtu hadi chini ya hatua hamsini, akaingia ndani pamoja naye. Alipiga mikono ya Nyanchoka. Alipiga jiwe. Alimgeuzia kamera baba yake aliyekuwa ameelekeza uso Gwasi kwa heshima. Suhail alimnong'oneza, "Sauti ya mzee inaingia kote, nimwambie anyamaze?" Lynnet akatikisa kichwa. Hapana.

Kulikuja twiga wawili wakasimama nyuma ya minyaa, shingo zao ndani ya picha, wakitazama. Mzee aliwafukuza kwa mkono, kama mtu anayefukuza ndama mlangoni. Hilo nalo lilibaki kwenye filamu.

Miezi mitano baadaye Lynnet alituma filamu kwa mzungu mmoja, mwandaaji wa tamasha la ng'ambo, aliyekuwa akizipenda kazi zake tangu mwanzo. Jibu lilikuja haraka, la upole. Alisema picha ni nzuri kupita zote. Alisema tu kwamba huyo mzee anayeongea anavunja ukimya, na twiga wanachekesha mahali pasipofaa. Mzee akiondolewa, filamu ndiyo itakayofungua tamasha.

Lynnet alikaa na barua ile wiki nzima. Alijaribu. Alimkata baba yake nje, akabakisha upepo na Nyanchoka akitembea kimya katika nyasi. Ilipendeza mno. Alimwita Suhail aje atazame. Suhail alitazama hadi mwisho, kisha akageuka.

"Mzee yuko wapi?"

"Nimemtoa."

"Nilimrekodi mimi mwenyewe, nikamsafisha mpaka kikohozi. Umempeleka wapi?"

Lynnet alicheka, kisha machozi yakamlengalenga, na jioni hiyohiyo aliandika ng'ambo kwamba anashukuru sana lakini haitawezekana. Tamasha lile lilifunguliwa na filamu ya mtu mwingine. Barua zilizofuata za yule bwana zilikuwa fupi, halafu hazikuja tena. Ilimuuma, na hakujifanya kwamba haimuumi.

Filamu ilionyeshwa kwanza katika ukumbi wa kanisa mjini Homa Bay, Jumamosi mchana, mapazia yamefungwa kwa vibanio vya nguo. Abdullah alitoa viti vya plastiki. Nyanchoka alikuja na walimu wenzake kutoka Migori, na Willis alikuja bila bunduki, amevaa shati la maua, Lynnet akashindwa kumtambua. Mzee Levi alivaa suti ya harusi yake, ambayo bado ilimwenea mabegani. Waliokuja kutoka Lambwe walikuwa wengi kuliko alivyotarajia, na wengi wao walikuwa wazee.

Nyanchoka alipoinama mlangoni, wazee wa safu za mbele walinyoosha shingo. Alipopita kando ya moto upande wa kushoto, sauti ya mwanamke ilitoka safu ya mbele, kali na wazi:

"Kulia! Jiko la hiyo nyumba lilikuwa kulia!"

Watu waliangua kicheko. Mzee Levi alisimama gizani. "Ni kushoto! Nilionyeshwa na mwenye nyumba!"

"Wewe ulionyeshwa, mimi nilipika humo!"

Iliwabidi wasimamishe filamu hadi watu wanyamaze. Ilipokwisha, na mapazia kufunguliwa, Lynnet alimfuata yule mwanamke. Alikuwa bibi mdogo wa umbo, wa miaka sabini na kitu, kitambaa cheupe kichwani. Aliitwa Bathsheba, na boma lao lilikuwa ng'ambo ya kijito kutoka ile minyaa. Alimshika Lynnet mkono, akamtazama usoni kwa muda, akamgeuza kidogo kuelekea dirishani apate mwanga.

"Wewe ni wa Pamela."

"Ndiyo, Mama."

"Pamela alikuwa mwizi," alisema Bathsheba, na uso wake wote ukang'aa. "Mwizi wa simsim! Tukitumwa kusaga, mimi nasaga, yeye anakula. Nikirudi nyumbani na unga kidogo ni mimi napigwa. Hakukwambia?"

"Hakuniambia kitu chochote cha huko."

"Haiya! Basi kaa."

Lynnet alivuta kiti. Mzee Levi naye alisogea, akaketi upande wa pili, bado ana lake la jiko, akaanza kueleza kwamba mlango ulitazama machweo kwa hiyo kushoto ni kushoto. Bathsheba alimwambia kwamba mkwe ambaye hajawahi kuingia nyumba hana la kusema kuhusu jiko lake. Mzee alicheka mpaka akashika ubavu. Lynnet hakuwa amemsikia akicheka hivyo tangu siku za mama yake.

Suhail alikuwa amefika nyuma yao, ameshafungua mkoba wa mashine, maikrofoni mkononi, anamuuliza Lynnet kwa macho.

"Acha kwanza," Lynnet alimwambia. "Tuletee chai tu. Na moja isiwe na sukari, ya Baba."